Shahada ya Kwanza Ipi kwa Anayelenga MBA? Ufafanuzi kwa Wanafunzi na Wazazi wa Iringa

Na Mwandishi Wetu, Iringa

Mwanafunzi anayekusudia kufika ngazi ya Shahada ya Uzamili ya Usimamizi wa Biashara, maarufu kwa herufi za MBA, halazimiki kusoma biashara katika shahada ya kwanza. Anachotakiwa kuwa nacho ni shahada iliyotolewa na chuo kinachotambuliwa, ufaulu usiopungua kiwango kilichowekwa na, katika vyuo kadhaa, uzoefu wa kazi. Jambo hilo ni la kawaida katika taratibu za udahili, lakini huwapita wazazi wengi wanaoketi na watoto wao kujaza maombi ya chuo pindi matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa.

Kukosea katika uamuzi huo kuna gharama. Katika wilaya za Mufindi na Kilolo, kaya nyingi hutegemea shamba la miti kama akiba ya ada. Mpaini uliopandwa mtoto akiwa shule ya msingi ndio unaovunwa anapokwenda chuo, na miti ya namna hiyo huchukua zaidi ya muongo mmoja kukomaa. Familia iliyovuna shamba hilo kulipia miaka mitatu ya shahada haina shamba la pili la kuvuna endapo kijana atagundua, akiwa mwaka wa mwisho, kwamba wastani wake wa alama haumruhusu kuendelea, au kwamba shahada aliyoichagua kwa ajili ya MBA haikumpa kazi ya kumfikisha kwenye MBA yenyewe.

Asili ya shahada hiyo inasaidia kueleza kwa nini mlango wake ni mpana. Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani kilipoanzisha shule yake ya biashara mwaka 1908, ambako ndiko shahada yenye jina la MBA ilikoanzia, shule hiyo ilikusudiwa kwa watu waliokwisha kupata shahada ya kwanza katika fani nyingine. Walengwa walikuwa wahitimu wenye elimu ya jumla au ya ufundi fulani, waliohitaji kujifunza namna ya kuendesha shirika. Msingi huo haujabadilika sana. Hadi leo madarasa ya MBA, ya ndani na nje ya nchi, huchanganya wahandisi, walimu, wauguzi, maofisa kilimo, wanasheria na wahasibu.

Masomo ya msingi ya programu hiyo yanafanana karibu kila mahali: uhasibu kwa ajili ya uongozi, usimamizi wa fedha, masoko, uchumi, takwimu, rasilimali watu, uendeshaji na mkakati. Mtu aliyesoma Shahada ya Usimamizi wa Biashara kwa miaka mitatu atakutana tena na sehemu kubwa ya mada hizo, ingawa kwa kina zaidi na kwa mifano ya utatuzi wa matatizo. Mhitimu wa misitu au wa uhandisi atakutana nazo kwa mara ya kwanza, hivyo atataabika zaidi mwanzoni, lakini kila somo litakuwa nyongeza juu ya taaluma aliyonayo tayari.

Haina maana kwamba shahada ya biashara haifai. Ina maana kwamba swali la kujiuliza katika ngazi ya kwanza ni kazi gani mhitimu ataweza kuifanya siku atakapotoka chuoni akiwa bado hana MBA. Kipindi kati ya shahada hizo mbili kinaweza kuwa cha miaka mitatu, mitano au zaidi, na ndicho kitakacholipia ada ya uzamili. Ndicho pia kitakachompa mwanafunzi jambo la kusema darasani pale mhadhiri anapouliza kiwanda chenye malighafi nyingi na fedha kidogo kifanye nini.

Uchumi wa Iringa unatoa mifano ya kutosha. Mufindi lina Shamba la Miti Sao Hill, kubwa kuliko yote yanayomilikiwa na Serikali, pamoja na mashamba ya chai na viwanda vya mbao na karatasi. Ukanda wa Kilolo na Ruaha Mbuyuni huzalisha vitunguu na nyanya, Manispaa ya Iringa ina usindikaji wa maziwa, na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ndiyo mhimili wa utalii wa Kusini. Shughuli zote hizo zinahitaji wasimamizi, lakini msimamizi anayejua namna gogo linavyopimwa au sababu ya maziwa kuharibika kabla ya kufika kiwandani huwa na thamani ya pekee. Kijana mwenye shahada ya misitu au ya kilimo kutoka Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), au ya uhandisi kutoka Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), akifanya kazi miaka michache kisha akasoma MBA, anakuwa na ujuzi wa aina mbili ambao ni nadra kukutana ndani ya mtu mmoja.

Kwa anayependa biashara yenyewe, ni vyema achague mchepuo unaoleta taaluma inayojitegemea. Uhasibu ni mfano ulio wazi. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, ndiyo inayosimamia mitihani ya kitaaluma inayomfikisha mtahiniwa kwenye cheti cha CPA, na mwenye shahada ya uhasibu hapangiwi kuanzia hatua ya chini kabisa ya mitihani hiyo. Katika kazi za uhasibu na ukaguzi, cheti hicho na usajili wa Bodi ndivyo vinavyoangaliwa kwanza. Mhasibu kijana anayekimbilia MBA kabla ya CPA mara nyingi huwa ameanza na hatua ya pili. Kwa waliochagua ununuzi na ugavi, hali inafanana nayo chini ya Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi (PSPTB).

Wakazi wa Iringa wana nafasi ya kusoma bila kwenda mbali. Chuo Kikuu cha Iringa, kilichoanza miaka ya 1990 kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Tumaini, hutoa masomo ya biashara katika ngazi ya shahada ya kwanza na ya uzamili. Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha (RUCU) nacho kina shahada ya kwanza ya biashara. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa (MUCE), kilichoanzishwa mwaka 2005 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huandaa walimu, na walimu hao ni miongoni mwa wanaoweza kuomba MBA baadaye, hasa wanaoelekea katika uongozi wa shule na taasisi. Mkoani Mbeya kipo kampasi ya Chuo Kikuu Mzumbe, pamoja na kampasi za Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA) na Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE). Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo mkoani Iringa na huwawezesha watumishi na wafanyabiashara kusoma bila kuacha kazi.

Kuhusu sifa za kuingia, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hutoa kila mwaka mwongozo wa udahili unaoorodhesha programu zote zilizoidhinishwa, msimbo wa kila programu na masharti yake. Miongozo hiyo ni miwili: mmoja kwa waliomaliza kidato cha sita, mwingine kwa wenye stashahada na sifa linganifu. Yote hupatikana bila malipo katika tovuti ya Tume. Kiwango cha chini kwa mhitimu wa kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa hesabu hiyo, D mbili zinatosha, vilevile C moja na E moja. Hata hivyo, hicho ni kiwango cha chini cha nchi nzima. Chuo kinaweza kuweka cha juu zaidi kwa programu fulani, na ushindani wa nafasi unaweza kukipandisha tena.

Sharti linalowashtua wengi halipo kidato cha sita bali kidato cha nne. Programu kadhaa za biashara, uchumi na fedha humtaka mwombaji ambaye hakusoma Hisabati ya Juu awe amefaulu somo la hisabati katika ngazi nyingine, ama Hisabati Tumizi ya kidato cha sita au Hisabati ya kidato cha nne. Mwanafunzi wa HGL au HGK aliyeikimbia hisabati akiwa na miaka kumi na sita anaweza kukuta programu aliyoipenda imefungwa kwa F ya miaka miwili nyuma. Mzazi mwenye mtoto wa kidato cha tatu anayezungumzia biashara anapaswa kuuliza kwanza alama za hisabati za mtoto huyo, hata kabla ya kuuliza majina ya vyuo. Hisabati hiyo itamfuata tena katika takwimu na fedha za MBA.

Wenye stashahada nao wana njia yao. Kwa ujumla hutakiwa kuwa na wastani usiopungua 3.0, na waliosoma katika vyuo vilivyo chini ya Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET) huhitaji namba ya uhakiki wa tuzo, AVN, kabla ya kuomba udahili wa chuo kikuu. Namba hiyo huombwa katika mfumo wa Baraza, na ni busara kuishughulikia mapema kabla ya dirisha la udahili kufunguliwa.

Ukishaingia chuoni, kinachoamua hatima ya safari ya uzamili ni wastani wa alama, GPA. Sehemu hii inastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopoteza nafasi bila kujua.

Vyuo vikuu nchini hutumia kwa kawaida kipimo cha hadi 5.0. Wastani wa 4.4 na kuendelea ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 ni daraja la pili la chini, na 2.0 hadi 2.6 ni daraja la ufaulu wa kawaida. Anayepata 2.0 anahitimu, anavaa joho na kupewa cheti. Lakini kiwango cha kawaida cha kuingilia shahada ya uzamili ni 2.7. Kati ya namba hizo mbili kuna kundi la wahitimu waliofaulu kila somo lakini hawawezi kuendelea moja kwa moja.

Sababu yake ni ya kihesabu. Katika vyuo vingi A hupewa pointi 5, B+ pointi 4, B pointi 3 na C pointi 2. Mwanafunzi anayepata C katika kila somo hafeli hata moja, wala harudii mtihani, wala haitwi ofisini. Anafikia 2.0 na kuhitimu. Lugha ya wanafunzi inayosema kwamba C inatosha ni kweli kwa kuhitimu tu.

Chukua mwanafunzi wa shahada ya miaka mitatu yenye krediti 360, yaani krediti 120 kila mwaka. Akimaliza mwaka wa kwanza akiwa na wastani wa 2.2, atahitaji wastani wa 2.95 katika miaka miwili iliyobaki ili amalize na 2.7. Hilo linawezekana, ni takriban B kila somo. Akiendelea na 2.2 hadi mwisho wa mwaka wa pili, atahitaji 3.7 katika mwaka wa mwisho, ambayo ni kiwango cha daraja la pili la juu kwa mtu ambaye hajawahi kukifikia. Zaidi ya hayo, vyuo vingi huacha desimali moja bila kukaribisha juu, hivyo 2.69 husomeka 2.6. Kwa maana hiyo mwaka wa kwanza, ambao wengi huuchukulia kuwa wa kuzoea mazingira, una uzito sawa na mwaka wa utafiti wa mwisho.

Masomo yenye krediti nyingi nayo huvuta wastani kwa nguvu zaidi kuliko yenye krediti chache. Mwanafunzi mwenye mpango hukaa na orodha ya masomo yake mwanzoni mwa muhula, akaona lipi lina krediti 12 na lipi lina 8, kisha akagawa muda wake kwa mujibu wa uzito huo. Pale programu inaporuhusu masomo ya hiari, anayesoma kilimo, elimu au sayansi anaweza kuchukua uhasibu wa awali, uchumi au takwimu. Masomo hayo humpunguzia ugumu wa mwaka wa kwanza wa MBA, na humwonesha mapema kama kweli anayapenda.

Aliyehitimu chini ya 2.7 hajafungiwa moja kwa moja. Stashahada ya uzamili, ambayo kwa kawaida huchukua mwaka mmoja, hutumiwa na wengi kama daraja la kuvukia, mradi ufaulu wake uwe mzuri. Baadhi ya vyuo pia huzingatia vyeti vya kitaaluma na uzoefu wa kazi kwa waombaji wa namna hiyo. Ni njia halali, ila huongeza mwaka na ada.

Suala la lini kuanza MBA lina majibu tofauti. Vyuo vingi vya nje, hasa Marekani na Ulaya, hutarajia mwombaji awe amefanya kazi kwa miaka kadhaa, na vingi huomba matokeo ya mtihani wa GMAT au GRE. Alama za GMAT hutumika kwa miaka mitano, hivyo mhitimu anaweza kuufanya mtihani huo akiwa bado na hesabu kichwani na kuomba chuo baadaye. Vyuo vya ndani kwa kawaida havitaki mtihani huo. Hata pale ambapo uzoefu si sharti, anayeingia darasani moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza hupata sehemu ndogo ya manufaa, kwani majadiliano hujengwa juu ya mambo ambayo wenzake wamekutana nayo kazini.

Kwa mtumishi wa umma, hatua ya kwanza si kulipa fomu ya chuo. Ni kuangalia mpango wa mafunzo wa mwajiri wake na muundo wa maendeleo ya utumishi wa kada yake. Shahada ya uzamili haimbadilishi mtumishi kada wala mshahara kwa sababu tu ameipata. Mwalimu wa Kilolo anayesoma MBA kwa matarajio ya kuhamia uhasibu au utawala anapaswa kujua mapema kwamba mabadiliko hayo hutegemea muundo, nafasi na kibali. Anayehitaji kuacha kituo cha kazi kwa ajili ya masomo huhitaji ruhusa ya mwajiri kabla ya kuondoka.

Mkopo nao uingizwe katika mpango tangu mwanzo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), iliyoundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, hulenga zaidi wanafunzi wa ngazi za chini ya uzamili, na miongozo yake hupanga vipaumbele vya fani. Anayesoma MBA, kwa sehemu kubwa, ajiandae kujilipia au kulipiwa na mwajiri. Wakati huohuo, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara kurejesha mkopo wa shahada ya kwanza. Kwa mshahara wa shilingi 800,000, makato hayo ni shilingi 120,000 kila mwezi, kabla ya kodi na michango mingine. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, iliyokuwa ikikuza deni mwaka hadi mwaka, ilifutwa mwaka 2021, na kwa sababu hiyo deni lililopo sasa hupungua kadiri linavyolipwa. Anayefikiria kukopa benki kulipia uzamili akumbuke pia kwamba utaratibu wa utumishi wa umma humtaka mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara baada ya makato yote. Makato ya HESLB yamo ndani ya hesabu hiyo.

Kabla ya kulipa ada popote, mwombaji ahakiki mambo mawili kwa TCU: kwamba chuo kimesajiliwa, na kwamba programu husika imeidhinishwa. Chuo chenye usajili kinaweza kutangaza programu ambayo bado haijaidhinishwa. Shahada zitolewazo na taasisi kama TIA na CBE zipo chini ya NACTVET, na uhakiki wake hufanyika huko.

Wanaokwenda kusoma nje ya nchi wanatakiwa kupata cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka TCU kabla ya safari, na wakirejea huomba Tume itambue tuzo zao. Utambuzi huo hugusa pia MBA zinazosomwa kwa njia ya mtandao kutoka vyuo vya nje, ambazo hutangazwa sana katika simu za vijana kwa ahadi ya kumaliza haraka na kwa ada ndogo. Katika mfumo wa sifa za vyuo vikuu nchini, shahada ya uzamili ni ngazi ya 9 na huhitaji krediti zisizopungua 180, ambapo kila krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza. Hizo ni saa 1,800. Mwombaji anayeahidiwa shahada ya miezi mitatu aanze kwa kumwomba mtoa tangazo amwoneshe mahali saa hizo zilipo, kisha apeleke jina la chuo hicho TCU kabla ya kutuma fedha.